Kiuno cha Fundi Futi

Kila Jumamosi, mteja wa mwisho akishaondoka, Fundi Futi alisimama katikati ya chumba cha kushonea. Alinyoosha mikono, akamwambia mkewe, "Haya, nipime."

Mkewe alijulikana mtaa mzima kwa jina la Bi Vifungo. Yeye alitoboa matundu, akashona vifungo na kukunja pindo. Mumewe alikata vitambaa na kukalia cherehani. Aliitwa Futi kwa sababu futi ya kupimia haikutoka shingoni mwake. Alikula nayo. Alikwenda nayo msibani. Akisinzia kitini, mkewe ndiye aliyeivua, taratibu, asimwamshe.

Bi Vifungo alizungusha futi kiunoni mwa mumewe.

"Thelathini na moja," alisema.

"Na nusu?"

"Hakuna nusu. Na usijaze tumbo hewa, unanidanganya."

"Sijajaza hewa. Wewe ndiye unayekaza kama unafunga mzigo."

Walicheka, kisha Bi Vifungo akaandika thelathini na moja kwenye daftari la vipimo. Humo kila mteja alikuwa na ukurasa wake. Ukurasa huu ulikuwa wa fundi mwenyewe.

Kupimana huku kulikuwa na sababu. Kabla ya hapo, Fundi Futi alikohoa kwa wiki nyingi. Usiku alilowa jasho hadi shuka. Chakula kilimshinda. Kiuno chake, ambacho miaka yote kilikuwa inchi thelathini na nne, kilishuka hadi ishirini na nane. Alibana suruali zake mara mbili, mpaka mifuko ya nyuma ikakaribia kugusana. Siku alipotema damu, Bi Vifungo hakusubiri tena. Alifunga mlango wa duka, akamshika mkono hadi kliniki.

Makohozi yalipimwa. Ilikuwa kifua kikuu cha mapafu.

Kliniki kulikuwa na mhudumu wa afya aliyependa kuvaa kofia pana ya majani makavu. Kwa hiyo watu walimwita Dada Kofia. Ndiye aliyewaketisha na kuwaeleza.

"Ugonjwa huu unatibika, na dawa ni bure," alisema. "Lakini ni dawa za miezi sita. Kila siku, bila kuruka. Miezi miwili ya kwanza ni aina hii. Miezi minne inayofuata ni aina nyingine. Mama, wewe utakuwa msimamizi wake. Usiulize kama amemeza. Mwone akimeza."

"Nitamwona kwa macho yangu haya mawili," alisema Bi Vifungo, na alimaanisha.

Mwanzoni alikuwa mkali kama askari wa lango. Kila asubuhi kabla cherehani haijalia, alisimama mbele ya mumewe na maji. "Fungua mdomo. Inua ulimi." Siku ya kwanza Fundi Futi alitoka chooni mbio, macho yamemtoka.

"Mke wangu, nakojoa damu!"

"Si damu. Dada Kofia alituambia dawa itageuza mkojo rangi. Akili yako ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa natazama kofia," alijibu fundi.

Baada ya wiki chache kikohozi kilipungua. Baada ya miezi miwili makohozi yalipimwa tena, na vijidudu havikuonekana. Alipewa dawa za awamu ya pili. Kiuno nacho kilipanda, nusu inchi, nusu inchi. Hatimaye, Jumamosi moja, Bi Vifungo aliangalia futi, akaangalia tena.

"Thelathini na nne!"

"Rudia!"

Alirudia. Ilikuwa thelathini na nne kamili.

Sasa, katika duka lao kulikuwa na desturi ya kazi. Nguo ikimkaa mteja sawasawa, Fundi Futi alichukua chaki nyekundu na kupiga mstari mrefu juu ya ukurasa wake. Maana yake kazi imekwisha. Siku hiyo alichukua chaki nyekundu, akapiga mstari juu ya ukurasa wake mwenyewe.

"Imekwisha," alisema. "Mteja achukue mwili wake."

Bi Vifungo alicheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa amemkosa mume huyu, huyu mwenye mashavu na utani. Hakufikiri zaidi ya hapo.

Jumatatu asubuhi alileta maji na vidonge kama kawaida. Fundi Futi alivitazama, uso ukakunjamana.

"Mama watoto, hivi mtu mzima anameza dawa za nini? Vidonge hivi vinanitibua tumbo mpaka saa nne. Na sare za shule zimetujaa hapa mpaka dirishani. Niache kidogo."

"Lakini walisema miezi sita."

"Walisema hivyo hawajakijua kiuno changu."

Bi Vifungo alimwonea huruma. Hilo ndilo lililomponza. Alikumbuka jinsi mumewe alivyoinama kila asubuhi juu ya beseni, mate yanamjaa kinywani. Alikumbuka pia lundo la sare. Alichukua pakiti ya mwezi mzima, akaitia ndani ya kopo lake la vifungo. Alijiambia kuwa akiona dalili yoyote, ataitoa mara moja.

Wiki zikapita. Sare ziliondoka zote. Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alipiga simu kwa furaha. Mimba yake ya kwanza ilikuwa imefika mwezi wa nane.

"Mama, nakuja kujifungulia huko kwenu. Wiki mbili zijazo. Nikae nawe hadi mtoto apate nguvu."

Tangu siku hiyo Fundi Futi hakukamatika. Alikata vinguo vya mjukuu kutoka vipande bora vya kitambaa. Alivipanga rafuni, vidogo kama vya mwanasesere. Alipokuwa akivishona, mara mojamoja alikohoa.

"Nini hiyo?" Bi Vifungo aliuliza.

"Vumbi la kitambaa."

Naye akakubali kuwa ni vumbi. Alitaka sana liwe vumbi.

Wiki moja kabla ya binti kuja, Fundi Futi alichungulia dirishani, akaruka kitini.

"Kofia inakuja! Sema nimetoka."

Akajitosa nyuma ya pazia, pale wateja wanapojaribia nguo. Dada Kofia aliingia, akavua kofia yake na kujipepea nayo.

"Hamjambo humu?"

"Hatujambo, dada. Karibu."

"Fundi yupo? Siku yake ya kuchukua dawa imepita kwa juma zima. Nimepiga simu haipokelewi."

"Ametoka," alisema Bi Vifungo. "Amekwenda kununua uzi."

Dada Kofia aliangalia rafu ya nyuzi, iliyojaa rangi zote. Kisha aliangalia chini ya pazia. Pale palikuwa na viatu viwili vya kandambili, na ndani ya viatu kulikuwa na miguu.

"Amekwenda kununua uzi, miguu kaiacha?"

Bi Vifungo alitaka ardhi ipasuke immeze. Papo hapo nyuma ya pazia mtu alikohoa. Alijaribu kukizuia kikohozi, kikamshinda. Kilianza chini kabisa, kikapanda, kikachukua muda mrefu kwisha. Bi Vifungo alikijua kikohozi kile. Alikuwa amelala nacho wiki nyingi. Hakikuwa cha vumbi hata kidogo.

Alisimama. Alishusha kopo lake la vifungo, akalifungua na kumwaga kila kitu mezani. Katikati ya vifungo vyeupe na vyeusi ilianguka pakiti ya dawa, haijaguswa.

"Dada, nimekudanganya," alisema. "Ni zaidi ya wiki tano. Niliahidi kumwona akimeza, na mimi ndiye niliyezificha humu."

Pazia lilifunguka. Fundi Futi alitoka ameinamisha kichwa, futi yake shingoni.

"Si kosa lake. Mimi ndiye niliyekataa."

"Sikuja kugombana na mtu," alisema Dada Kofia. Alivuta kiti, akakaa, akafungua dirisha lililokuwa nyuma yake. "Niambieni tu. Nani aliyewaambia ugonjwa umekwisha?"

Wanandoa walitazamana.

"Kiuno," alisema Fundi Futi.

Alileta daftari. Dada Kofia alisoma ukurasa wote, Jumamosi baada ya Jumamosi, mpaka kwenye mstari mwekundu. Bi Vifungo alisubiri acheke. Hakucheka.

"Ninyi ni watu makini," alisema. "Sijamwona mgonjwa aliyejiandika vizuri hivi. Lakini mmepima kitu kingine. Futi inapima mwili. Mwili ukipata dawa na chakula unarudi upesi. Vijidudu vimo ndani ya mapafu. Hivyo havipimwi kwa futi. Vinapimwa kwa makohozi, kliniki."

"Lakini makohozi yalipimwa baada ya miezi miwili, yakawa safi," alisema fundi.

"Yalikuwa safi, ndiyo. Vilivyokuwa vingi vilikufa." Dada Kofia aligeuka. Ukutani lilining'inia koti la mteja. "Fundi, hili koti limekwisha?"

"Bado kabisa. Hiyo ni bandi."

"Mbona mimi naona limekwisha? Lina mikono. Lina kola."

Fundi Futi alisahau aibu yake. Kazi ikitajwa, yeye husahau yote. Alilishusha koti, akamwonyesha ile mishono mirefu myeupe.

"Bandi ni mishono ya kushikiza tu, dada. Kwa macho limekwisha. Lakini mteja akilivaa hivi, siku ya kwanza akiinua mkono, linaachia kwapani. Lazima lipite lote kwenye cherehani, mshono kwa mshono, ndipo..."

Mkono wake ulipanda polepole, ukashika futi shingoni.

"Endelea," alisema Dada Kofia kwa upole.

"Mimi nimetoka dukani na bandi," alisema Fundi Futi.

Bi Vifungo aliketi chini, kwenye mkeka wa vipande vya vitambaa. Alilia, na hakuficha.

Dada Kofia alimwacha alie kidogo. Kisha akaeleza, polepole.

"Vijidudu vinavyobaki baada ya miezi miwili ndivyo vigumu kuua. Miezi minne ya mwisho ni kwa ajili yao. Ukiacha katikati vinazaliana upya. Vingine vinaizoea dawa, isiviue tena. Huo tunauita usugu. Ukifika hapo, matibabu ni magumu zaidi, na unaweza kuwaambukiza wengine ugonjwa huohuo sugu."

"Na mimi ninao huo usugu?" fundi aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Sijui. Kesho njoo utoe makohozi. Mashine itatuambia kama vijidudu vimerudi, na kama dawa bado inaviweza. Mama, na wewe njoo upimwe."

Bi Vifungo alifuta macho.

"Dada, binti yetu anakuja wiki ijayo. Anajifungua."

Dada Kofia aliangalia vile vinguo vidogo rafuni.

"Mtoto mchanga hudhurika upesi sana na kifua kikuu," alisema. "Asije sasa. Atakuja, lakini si sasa."

Ilibidi Bi Vifungo apige simu ile mwenyewe. Binti alidhani ni utani. Halafu alilia.

"Baba si alipona, mama? Uliniambia amepona."

"Nilikwambia kilichoandikwa kwenye futi. Tulikosea, mwanangu. Tulikosea wote wawili."

Siku za kusubiri majibu zilikuwa ndefu. Cherehani ilikaa kimya. Fundi Futi alijitengea kikombe na sahani, akavificha mbali. Dada Kofia alipopita, alivirudisha kabatini.

"Kikombe hakiambukizi," alisema. "Ni hewa. Mgonjwa akikohoa, vijidudu vinatoka na pumzi. Kwa hiyo funika mdomo kwa kitambaa, fungua madirisha mchana kutwa, na kwa sasa lala chumba cha peke yako. Wateja wakutane na mama mlangoni. Na ukianza dawa tena, baada ya muda mfupi nguvu ya kuambukiza inashuka sana. Tutakupima kabla hujamshika mtoto."

Majibu yalikuja. Vijidudu vilikuwa vimerudi. Lakini dawa ilikuwa bado inaviweza. Bi Vifungo naye alipimwa, akakutwa salama.

"Mmeponea chupuchupu," alisema Dada Kofia. "Tunaanza upya, tangu siku ya kwanza. Miezi sita. Na safari hii, kichefuchefu kikija niambieni. Kuna namna ya kukipunguza. Ngozi ikiwasha, macho yakiwa ya manjano, miguu ikifa ganzi, njooni siku hiyohiyo. Msiamue nyumbani."

"Na nikisahau siku moja?" aliuliza fundi.

"Ukikumbuka siku hiyohiyo, meza. Ikishapita, usimeze mara mbili kesho yake. Nipigie simu."

Kuanza upya ni kugumu kuliko kuanza. Bi Vifungo aliona hivyo kila asubuhi. Ila sasa alijua kuwa huruma si kumwachia mume vidonge. Alisimama mbele yake na maji.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Askari umerudi?"

"Nimerudi, na likizo sina tena."

Walieleza kliniki shida ya tumbo lake. Walishauriwa namna ya kumeza, na baada ya wiki mbili kichefuchefu kilipungua. Kwenye daftari Bi Vifungo alifungua ukurasa mpya wa mumewe. Hakuandika inchi. Kila kidonge kilipopita kooni, aliweka alama moja.

Binti alijifungua salama kwa wakwe zake. Mtoto alikuwa wa kike. Fundi Futi alimwona kwenye simu tu. Alimshonea gauni kwa kukisia, yeye ambaye maisha yake yote hakuwahi kukata kitambaa bila kupima. Alikaa analitazama gauni lile, futi shingoni, machozi yanamdondoka kwenye pindo. Bi Vifungo alimwacha. Kuna machozi ambayo mtu hapaswi kukatizwa.

Baada ya miezi miwili makohozi yalikuwa safi. Dada Kofia aliandika, akatabasamu.

"Binti anaweza kuja."

Binti alikuja. Fundi Futi aliosha mikono, akaketi karibu na dirisha lililo wazi, akampokea mjukuu wake. Gauni lilikuwa kubwa, likamfunika mtoto mpaka chini ya miguu.

"Baba, umemshonea mtoto wa darasa la kwanza," alisema binti.

Fundi alikuwa anambusu mtoto kisogoni.

Wiki ile ile, Jumamosi, mteja wa mwisho aliondoka. Bi Vifungo alimwangalia mumewe. Suruali ilimkaa vizuri tena. Bila kufikiri alimwuliza, "Nikupime?"

"Usinipime," alisema Fundi Futi. "Kiuno kilishaniongopea mara moja. Lete vidonge vya kesho niviweke mezani."

Akaendelea. Mwezi wa tatu, wa nne, wa tano. Hakukohoa, hakuumwa, na bado alimeza kila asubuhi. Mpaka alama za Bi Vifungo zikajaza kurasa mbili.

Mwisho wa mwezi wa sita alirudi kutoka kliniki na karatasi. Binti alikuwa amekuja kuwatembelea tena, na mtoto alikuwa amekaa kwenye lundo la vitambaa. Fundi Futi alifungua daftari. Akamnyooshea mkewe chaki nyekundu.

"Piga wewe."

"Karatasi ya kliniki kwanza," alisema Bi Vifungo.

Alimpa. Mkewe aliisoma mara moja, akaisoma tena, kidole kikifuata kila neno. Hakuna vijidudu. Amemaliza matibabu. Amepona. Ndipo alipochukua chaki na kupiga mstari, mrefu, taratibu.

"Sasa imekwisha," alisema.

Fundi Futi alifungua ukurasa safi. Juu yake aliandika: Mjukuu. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akavua futi shingoni na kuizungusha kifuani pake.

"Andika," alimwambia mkewe. "Kifua, inchi kumi na sita na nusu."

Kabla hajaiondoa, mtoto aliikamata futi kwa mikono yote miwili, akaitia mdomoni. Fundi alivuta. Mtoto alikaza.

"Mwachie," alisema Bi Vifungo.

Akamwachia. Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Fundi Futi alikula chakula akiwa hana futi shingoni.